Mgeni wa Usiku Mmoja

Msomaji, ukisimama Feri katika kisiwa cha Mombasa, ukaelekeza uso kusini, utaiona Likoni ng'ambo ya maji. Utawaona hata watu wanaongoja chombo. Lishike jambo hili, kisha fungua kitabu cha safari za Ibn Battuta, mtu wa Tanja, aliyefika Mombasa mwaka 1331. Humo utasoma kuwa kisiwa hiki hakina bara, na kwamba kati yake na nchi ya Sawahili ni mwendo wa siku mbili baharini. Wako wanaomtetea kuwa Sawahili aliyoitaja si ng'ambo hii. Na iwe hivyo. Lakini bara aliyosema haipo inaonekana kwa macho.

Wengi wenu mtasafiri siku moja kwenda nchi za watu, na kabla ya kufunga mizigo mtatafuta kitabu cha kuwafundisha adabu ya ugenini. Nawapa hiki, lakini kisomeni kwa hadhari.

Kosa lile lina udhuru wake. Alilala hapa usiku mmoja tu, na kitabu hakukiandika njiani. Alikisimulia kwao Moroko kwa Ibn Juzayy, kikamalizika mwaka 1355. Hata hivyo, aliyepoteza bara nzima hakuisahau kata ya kutekea maji! Asimulia kuwa misikiti ya Mombasa ilikuwa ya mbao, imara. Kuwa mlangoni palikuwa na kisima, na kata ya mti yenye mpini wa kadiri ya dhiraa moja. Kuwa watu walikwenda bila viatu, na aliyetaka kuingia aliosha miguu, kisha akaipangusa kwenye mkeka mzito. Mimi nadhani aliyakumbuka haya kwa kuwa mtu wa sala hakuwa na njia nyingine ya kuingia ila kufanya kama wenyeji.

Sehemu iliyo bora kuliko zote ni ile ya Mogadishu, alikopita kabla ya kufika kwetu. Wenyeji walimtaka aende kwanza kwa sultani. Akajibu kuwa ataonana naye akishapata mahali pa kushukia. Wakamwambia kuwa desturi yao haiko hivyo: mwanachuoni hashukii popote kabla ya kumwona sultani. Akaenda. Hakubishana, wala hakutaja heshima ya kwao. Baada ya hapo kurasa zake zinajaa vitu: wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, maembe, tambuu. Mtoto wa Mji wa Kale akisoma orodha ile hatahitaji mfasiri wa kumweleza.

Sasa mfuate mtu huyu huyu hadi Mali, mwaka 1352. Aliambiwa kuwa zawadi ya mfalme inaletwa, akatazamia mavazi na fedha. Ikaja mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka, akawaona wenyeji wana akili haba. Baadaye akasimama mbele ya mfalme, akalalamika kuwa hajapewa kitu, na kuuliza atamsifuje kwa wafalme wengine.

Watu husema alikuwa mtu wa zama zake, tusimhukumu kwa zama zetu. Hoja hiyo hainitoshi, maana aliyetii Mogadishu na aliyecheka Mali ni mtu mmoja. Kilichobadilika ni cheo. Mogadishu alikuwa kijana wa chini ya miaka thelathini. Alipofika Mali alikwisha kuwa kadhi Delhi na kula katika meza za wafalme, na kila zawadi aliipima kwa zile alizokwisha kupokea. Hakuuliza mikate mitatu ina maana gani kwa wanaoitoa, na kwa sababu hiyo sisi wasomaji wake hatujui mpaka leo. Hasara hiyo ni yetu, naye ndiye aliyetutia.

Ukivuka kwenda Likoni, hesabu dakika zako majini. Kisha urudi kwenye ukurasa ule wa Mombasa, uutie alama ya penseli penye kosa, na nyingine penye kata ya maji.