Stata ya Bondeni

Gari likigoma kuwaka, Mtanzania ana dawa tatu za haraka kabla hajampigia fundi simu. Kwanza, watu washuke wasukume. Ikishindikana, mmoja alale chini ya gari aigonge stata kwa spana ya magurudumu huku mwenzake akizungusha ufunguo. Dawa ya tatu ni ya wasioogopa cheche: bisibisi moja ndefu inayogusanisha tominali mbili nyuma ya stata. Barabara ya Bagamoyo, kuanzia Bunju kupita Mapinga hadi Kiromo, imeziona zote tatu, na zimefikisha watu wengi makwao.

Toyota Land Cruiser ya V8, ile ya mfululizo wa 100 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1998 na ambayo watu wetu waliibatiza shangingi, haikubali hata dawa moja kati ya hizo. Gia zake ni otomatiki, hivyo kuisukuma ni kujichosha bure. Ukilala chini huioni stata. Ukifungua boneti ukainama juu ya injini, huioni pia. Injini hiyo, 2UZ-FE ya lita 4.7, ina silinda nane zilizopangwa safu mbili zilizoegeana kwa mtindo wa herufi V, na walioiunda waliilaza stata katikati ya zile safu, ndani ya bonde, kisha wakalifunika bonde lote kwa manifodi ya kuingizia hewa. Juu ya manifodi kuna nozeli, mabomba ya petroli, mipira ya maji na nyaya za kila namna. Dada yake mkubwa, 1UZ-FE ya lita 4.0 iliyotoka mwaka 1989, alikuwa na mpangilio huohuo.

Wengi huulaani mpangilio huu. Mimi naupenda, kwa sababu ya kile unachomdai fundi. Njia za mkato zote zimezibwa. Anayeitaka stata hii lazima aijue safari ya kuiendea na, lililo gumu zaidi, safari ya kurudi.

Mashangingi yalianza maisha yao yakibeba wakubwa na miradi. Sasa mengi ni wazee. Yameuzwa minadani, yamebadilisha mikono, na hapa Bagamoyo utayakuta yakipeleka wageni Saadani, hifadhi iliyopata hadhi ya taifa mwaka 2005, ambako pori linashuka mpaka kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Gari linalofanya kazi hiyo linalala na chumvi na kuamka nayo. Ndiyo maana fundi mmoja ninayemfahamu, ambaye gereji yake ni banda la bati na kivuli cha mwembe upande wa Magomeni, hakimbilii spana mtu anapomletea shangingi lililokataa kuwaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Stata imekufa."

"Nani kasema imekufa?"

"Dereva mwenzangu."

"Basi tuiulize yenyewe kwanza."

Kuiuliza ni kusikiliza. Ufunguo ukizungushwa ikasikika *tak* moja nzito, kisha kimya, hiyo ni habari ya aina moja. Zikisikika *tak-tak-tak* nyingi za haraka huku taa za dashibodi zikififia, hiyo ni habari nyingine, na mara nyingi inahusu betri. Halafu inakuja mita. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Wakati wa kupiga stata ikishuka chini ya 9.6 au hapo karibu, betri ndiyo mgonjwa. Ikisimama vizuri, fundi anaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma tupu cha injini, anamwomba mzee azungushe ufunguo, anatazama. Hapo mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti au zaidi, umeme unapotelea njiani, kwenye waya wa athi.

Na kwenye athi ndiko chumvi ya pwani inakopenda kukaa. Inaingia chini ya kile kichwa cha shaba kilichofungwa kwa bolti kwenye bodi, inaota kutu ya kijani, na waya unaoonekana mzima kwa nje haupitishi tena umeme wa kutosha. Dawa yake ni msasa, bolti safi na grisi. Nimeshuhudia watu wakiondoka pale mwembeni wamelipa pesa ya soda, baada ya kuambiwa mahali pengine kwamba stata nzima inunuliwe Dar es Salaam. Nusu ya sifa zangu kwa ufundi huu naziweka hapo, kwenye stata ambayo haikufunguliwa kwa sababu haikustahili kufunguliwa. Fundi huyo alipoteza kazi kubwa ya siku nzima kwa mkono wake mwenyewe, na hakulalamika.

Lakini ile *tak* moja nzito, betri ikiwa nzima na athi ikiwa safi, haina ujanja. Bonde lazima lifunguliwe.

Kwanza kichwa cha hasi cha betri kinatolewa, maana waya mnene unaofika kwenye stata una umeme muda wote, ufunguo uwepo au usiwepo. Injini inaachwa ipoe. Bomba la hewa linatoka, kisha waya wa mafuta, soketi za nyaya, mipira. Bomba la petroli linalegezwa likiwa limezungushiwa kitambaa, kwa kuwa petroli ya mle ndani imebanwa na hutoka kwa kurushwa. Fundi ana kipande cha boksi la katoni ambacho amechora umbo la manifodi, na kila bolti inayotoka anaichomeka kwenye tundu la mahali pake. Vijana siku hizi hupiga picha kwa simu. Simu inasaidia, ila mimi naliamini lile boksi zaidi: bolti ndefu haiwezi kujificha kwenye tundu la bolti fupi, na mkono uliozichomeka unakumbuka.

Kabla manifodi haijanyanyuliwa, hewa ya kompresa inapulizwa pembeni zote. Unaruka mchanga, vumbi jekundu la njia ya Makurunge, sindano za mivinje, wakati mwingine kiota cha panya. Hakuna hatua ninayoiheshimu kuliko hii, na ndiyo inayorukwa kwa urahisi zaidi. Manifodi ikitoka, matundu manane yanabaki wazi, yanaelekea kwenye vali na silinda. Punje za mchanga zikidondokea humo, au nati moja, kazi ya stata inageuka kuwa kazi ya injini. Kila tundu linazibwa kwa kitambaa safi mara moja, na vitambaa vinahesabiwa.

Stata yenyewe imeshikwa na bolti mbili tu. Zote zinatazama mahali ambapo jicho halifiki vizuri, kwa hiyo kinachotazama ni vidole. Fundi anafumba macho. Anaipata bolti kwa ncha ya kidole cha kati, anaishusha soketi kwenye kiungo kinachopinda, anasikilizia kama imekaa sawasawa, ndipo anavuta. Kwenye ufukwe wa Bagamoyo, hatua chache kutoka soko la samaki, mafundi wa majahazi huzikalafati mbao kwa pamba na mafuta mahali ambapo hakuna atakayepaona chombo kikishashushwa majini, na ukiwatazama mikono unaona ni uangalifu mmoja.

Ikiwekwa mezani, stata inashangaza kwa udogo wake. Huo ndio ulikuwa ubunifu wa Charles Kettering, Mmarekani aliyekwisha kutia mota ya umeme kwenye mashine za kuhifadhia pesa za maduka kabla hajalishughulikia gari. Kabla yake magari yalizungushwa kwa mkono wa chuma, na injini ikirusha ule mkono nyuma iliweza kuvunja mkono wa mtu. Kettering aliona kwamba mota inayofanya kazi sekunde chache tu inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko umbo lake, mradi ipumzike baadaye. Cadillac za mwaka 1912 zilitoka na stata yake. Mpaka leo kanuni ni hiyo: mamia ya ampia, kwa muda mfupi sana.

Umeme mwingi hivyo una pa kuuma. Ndani ya kichwa cha stata hizi kuna vipande viwili vya shaba, na pistoni ndogo yenye sahani ya shaba inayovigusa vyote viwili kila ufunguo unapozungushwa. Kila mgusano unachoma kidogo. Baada ya miaka, kipande kimoja kinaliwa kuliko kingine, sahani inagusa upande mmoja na kuukosa wa pili, na hiyo ndiyo *tak* yenye kimya nyuma yake. Mota yenyewe haina ugonjwa. Fundi wa kubadili vitu angetupa stata yote. Huyu anabadili vile vipande viwili na sahani, anapima vimo vyao vilingane, anakagua kaboni, beringi na meno ya bendeksi, kisha anaibana stata kwa mguu na kuiunganisha na betri palepale chini. Inaruka, inanguruma, bendeksi inachomoza mbele. Anairudia tena na tena, kwa sababu kuijaribu hapa ni rahisi, na kuijaribu ikishafunikwa ni safari nzima upya.

Hapo ndipo pana ubishi wangu na wenye magari. Bonde likiwa wazi, vitu vingine vinaonekana: sensa za kusikiliza injini inapogonga zilizofungwa mlemle, nyaya zake zilizokauka kwa joto mpaka zinavunjika zikikunjwa, mpira wa maji ulioanza kupasuka. Mwenye gari husema, "Fundi, hivyo viache, vinafanya kazi." Mimi nasimama na fundi. Mpira unaouzwa bei ndogo Ilala au Kariakoo ukipasuka miezi sita baadaye, manifodi itatoka tena, na gasketi zitanunuliwa tena. Akiba inayopatikana kwa kuufunika mpira mbovu sijaiona bado.

Kurudisha kunafuata njia ileile, ila polepole zaidi. Vitambaa vinatoka, vinahesabiwa. Gasketi mpya zinakaa. Manifodi inakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa mizunguko, kila bolti ikipewa kidogo kabla yoyote haijapewa yote, maana aluminiamu ikibanwa upande mmoja hupinda, hewa ikaingia kwa mlango wa uani, na gari likashindwa kutulia likiwa limesimama. Mwishoni boksi la katoni linatakiwa liwe tupu. Ufunguo wa kwanza huchukua muda kidogo kwa kuwa mabomba ya petroli hayajajaa, na fundi husimama juu ya injini akinusa kama kuna mahali panapovuja.

Bei ndiyo huleta maneno. "Bolti mbili tu, mbona ghali hivyo?" Ukitaka kumlipa fundi kwa idadi ya bolti za stata, mlipe na zile zote za kwenye boksi, na vile vitambaa vinane, na ile nusu saa ya mita ambayo ingeweza kuishia kwa pesa ya soda. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuupima na kuutambua kwa cheti ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kukaa darasani. Mafundi wa chini ya miembe wanaustahili, na ningependa siku moja mmoja wao apimwe kwa kazi hii hasa.

Kijana anayejifunza pale Magomeni bado haruhusiwi kunyanyua manifodi. Fundi amempa injini mfu iliyolala nyuma ya banda, amelifunika bonde lake kwa gunia, na anamtaka aifungue na kuifunga stata kwa kupapasa. Bolti ya mbele ameshaiweza. Ya nyuma bado inampiga chenga, na kila akimaliza kuosha spana jioni anarudi kwenye lile gunia bila kuambiwa.