Kupona, Kuokoka na Kovu: Sala ya Kijana Majeruhi katika Tawasifu ya Gilbert Tuhabonye

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi imani na sala ya Kikristo zinavyosawiriwa katika safari ya kupona ya kijana majeruhi. Matini ya msingi ni This Voice in My Heart (2006), tawasifu ya mwanariadha wa Burundi, Gilbert Tuhabonye, aliyoiandika kwa Kiingereza akishirikiana na Gary Brozek. Msomaji anayezingatiwa ni wa Rumonge, mji wa wavuvi na wakamuaji wa mawese kando ya Ziwa Tanganyika. Uteuzi huu una sababu mbili. Kwanza, Tuhabonye alizaliwa Songa katika mkoa wa Bururi, ambao Rumonge ilikuwa sehemu yake hadi 2015. Pili, Rumonge ni miongoni mwa sehemu za Burundi ambako Kiswahili ni lugha ya soko na mtaa. Ghasia za 1972 zilizoanzia ufuko huu ziliwatawanya watu hadi Kigoma, na baadaye katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Waliorejea kuanzia 2008 walirudi na Kiswahili, na wengi wao humwomba Mungu kwa lugha hiyo.

Hoja kuu ni kwamba tawasifu hii, ambayo ni rahisi kuipokea kama ushuhuda wa muujiza, ina jambo zito zaidi la kusema. Msamiati wa Kiswahili wa kupona na kuomba unalidhihirisha jambo hilo.

2.0 Moto wa Kibimba na Sauti ya Moyoni

Tarehe 21 Oktoba 1993, siku aliyouawa Rais Melchior Ndadaye, makumi ya wanafunzi na walimu wa Kitutsi wa shule ya Kibimba walikusanywa, wakafungiwa ndani ya jengo na kuchomwa moto. Tuhabonye, aliyezaliwa 1974, alijificha chini ya miili ya wenzake kwa saa nyingi, kisha akatoka akiwa ameungua vibaya. Katikati ya moto alisikia sauti iliyomhakikishia kuwa angeishi. Sauti hiyo, anayoihusisha na Mungu, ndiyo iliyokipa kitabu jina.

Kisanaa, sauti hiyo ni nguzo na pia ni mtego. Ni nguzo kwa sababu inaunganisha usiku wa moto na miaka iliyofuata: hospitali, mashaka ya kama angekimbia tena, mazoezi, safari ya Marekani na masomo katika Chuo Kikuu cha Kikristo cha Abilene, Texas. Ni mtego kwa sababu msomaji aliyezoea shuhuda za kanisani anaweza kuridhika mapema mno: Mungu alisema, kijana akapona, akakimbia tena.

3.0 Neno Moja, Matukio Mawili

Kitenzi pona katika Kiswahili hubeba maana mbili. Aliyeponea chupuchupu ameikwepa hatari. Aliyepona kidonda amerudiwa na afya. Maana ya kwanza ni tukio la mara moja, ya pili ni kazi ya miezi au miaka. Kirundi nacho hutumia gukira kwa uponyaji, na kutokana na mzizi huohuo hupatikana Umukiza, jina la Kristo Mwokozi. Lugha zote mbili, basi, zinasogeza karibu kunusurika, kupata nafuu na wokovu.

Ukaribu huo ni utajiri, lakini unaweza pia kuficha. Katika tawasifu, Tuhabonye aliponea motoni usiku mmoja. Majeraha yake yalidai muda mrefu, na makovu hayakuondoka. Msamaha kwa waliomtendea, baadhi yao watu aliowafahamu, haukuja siku moja na uhai. Mfasiri wa Kiswahili atakayeandika tu kwamba kijana "alipona" atakuwa amezifunga hatua hizo tatu katika neno moja.

4.0 Maombi na Sala

Wakristo wa Kiswahili wana maneno mawili makuu hapa. Maombi, kutoka kitenzi omba, hubeba dhana ya haja inayosubiri jibu. Ndiyo maana husemwa kuwa maombi "yamejibiwa". Sala, neno ambalo Mkristo wa Rumonge hulishiriki na jirani yake Mwislamu, huelekeza zaidi kwenye kusimama mbele ya Mungu, pawe na haja au pasiwe nayo. Kirundi kina tofauti inayokaribiana na hiyo kati ya gusaba na gusenga.

Usomaji wa muujiza huichukulia imani ya Tuhabonye kama maombi peke yake: haja ilipelekwa, jibu likaja, na mwili unaokimbia ndio stakabadhi. Athari ya usomaji huu huonekana kando ya kitanda cha mgonjwa. Kijana aliyevunjika mguu na asitembee tena, au aliyeungua na asirudiwe na nguvu, huulizwa, kwa maneno au kwa macho, kama imani yake ilitosha. Umbo la kitabu lina sehemu ya lawama, kwa kuwa simulizi ya mkimbiaji aliyerudi uwanjani huualika mwili uwe ushahidi.

5.0 Mizani ya Buta

Kitabu cha pili kinasaidia kupima hoja hii. Zacharie Bukuru, aliyekuwa gombera wa seminari ndogo ya Buta mkoani Bururi, alichapisha kwa Kifaransa mwaka 2004 simulizi ya wanafunzi 40 waliouawa huko tarehe 30 Aprili 1997 baada ya kukataa kujitenga Wahutu na Watutsi. Vijana hao nao walikuwa watu wa sala. Ikiwa sala hupimwa kwa mwili uliosalia, basi ya Kibimba ilisikika na ya Buta haikusikika. Bukuru haelekezi huko: kwake, tunda la sala ni udugu ambao silaha hazikuuvunja.

Mizani hiyo ikitumika kwa Tuhabonye, uzito wa kitabu unahama. Kilele chake kinakuwa uamuzi wa majeruhi kutokuishi kwa kisasi, na ushindi wa mbio unabaki pembeni.

6.0 Hitimisho

Tawasifu ya Tuhabonye inapungukiwa pale inapomwacha msomaji ahesabu ushindi wa uwanjani kama jibu la Mungu. Inafanikiwa pale inapoonyesha sala ikiendelea baada ya jibu hilo, kwa mtu ambaye bado ana makovu na bado ana maadui. Kwa makanisa ya ufuko wa Rumonge, ambako waliokimbia na waliobaki husali pamoja, usomaji huu una faida ya moja kwa moja: unamruhusu kijana ambaye mwili wake haukurejea hali ya awali kuitwa mtu wa imani bila kudaiwa ushahidi.