Ufadhili wa PhD ya uchumi: posho tunaihesabu, swali je?

Mwenye masta ya uchumi akiulizia hela ya PhD, jibu huwa moja: jaribu AERC. Ushauri mzuri, ila haujakamilika.

Sifa kwanza. AERC, yenye makao Nairobi, ilianzishwa 1988, na programu yake ya pamoja ya PhD ikaanza 2002. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimo. Kozi za msingi unasoma chuoni, za kuchagua Nairobi, kisha tasnifu. Mlango mwingine ni Marekani, ambako vyuo vingi husamehe ada na kulipa posho ili ufundishe au usaidie utafiti.

Ninachokosoa ni hiki: tunalinganisha posho tu, hatuulizi nani anachagua swali. Tazama Songo Mnara, Kilwa. Tangu 2009, timu ya Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher imefukua pale mamia ya sarafu za shaba za Kilwa. Kwa nini mji wa karne ya 14 na 15 utumie pesa ndogo hivyo, na kununulia nini? Hilo ni swali la uchumi kabisa. Lakini waliolishika ni wanaakiolojia, kwa fedha za Marekani na Uingereza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa, ila mwenyeji naye awe na swali lake.

Kwa hiyo, kabla hujajaza fomu, andika swali lako ukurasa mmoja. Kisha muulize mfadhili: hela hii itanifikisha uwandani, au itaishia darasani?