Mchanga Usiokata Kona

Fungua vali ya kubana mtiririko iliyotolewa kwenye kisima chenye mchanga, utaona chuma hakikulika sawasawa. Upande mmoja bado unang'aa. Upande wa pili kumechimbika mfereji, na pengine umetoboka kabisa. Vali hii hupunguza shinikizo la kisima kabla mafuta au gesi hayajaingia kwenye mabomba ya juu, na hufanya hivyo kwa kuibana njia makusudi. Njia ikibanwa, kasi hupanda. Gesi inaweza kufika kasi ya sauti. Punje iliyobebwa humo ni risasi.

Kinga ya zamani ni kanuni ya API RP 14E, mwongozo wa sekta ya mafuta: chukua namba isiyobadilika, mara nyingi 100 kwa vipimo vya Kimarekani, igawanye kwa kipeuo cha pili cha densiti ya mchanganyiko, na kasi isivuke jibu hilo. Hesabu ya dakika moja. Ila itazame tena: mchanga haumo, wala umbo la vali halimo.

Uigaji wa kompyuta huanza na umbo hilohilo. Nafasi ya ndani hukatwa vyumba vidogo, hata mamilioni, na milinganyo ya Navier-Stokes, inayoeleza mwendo wa gesi na vimiminika, hutatuliwa katika kila chumba mpaka kasi na shinikizo vijulikane kila pembe. Kisha maelfu ya punje huachiliwa, kila moja ikifuatiliwa njia yake. Hapa ndipo mambo yanaponoga. Punje iliyo ndani ya mafuta mazito huburutwa na kugeuzwa pamoja nayo, ikapita salama. Punje ileile ndani ya gesi ni kama bodaboda iliyoingia kona kwa mwendo wa barabara kuu: gesi inakata kona, yenyewe inakwenda moja kwa moja ukutani. Ndiyo maana mfereji ule uko upande mmoja.

Lakini kujua punje imegonga wapi si kujua imeng'oa chuma kiasi gani. Jibu hilo hutoka maabara, si kwenye kompyuta. Mwaka 1960 mtafiti Iain Finnie alichapisha kanuni inayoichukulia punje kama patasi inayokwangua chuma laini. Ilieleza vizuri mapigo ya mshazari, ila kwa pigo la uso kwa uso ilitoa sifuri, jambo ambalo chuma chenyewe kilikataa. Mtafiti mwingine, Bitter, akaongeza mwaka 1963 uharibifu unaotokana na kupondwapondwa. Miongozo ya shirika la DNV kwa chuma cha pua na cha kaboni hupandisha kasi kwa kipeo cha 2.6: kasi ikiongezeka maradufu, ulaji unazidi mara sita. Mhandisi akikosea kasi kwa asilimia 10 tu, makadirio yake ya ulaji yanapotoka kwa karibu asilimia 28.

Nami nauamini uigaji unapotaja mahali, siuamini sana unapotaja tarehe. Ramani ya sehemu zitakazoliwa hutegemea umbo na mtiririko, vitu tunavyovipima. Tarehe hutegemea kiasi cha mchanga, na kisima hakitoi mchanga kwa ratiba; kinaweza kunyamaza wiki nzima kisha kikautapika usiku mmoja. Isitoshe, vali ikishaliwa si vali iliyochorwa tena: mfereji unabadilisha mtiririko, na mtiririko unachimba penginepo. Programu isiyosogeza kuta zake kadiri zinavyoliwa inakadiria vali ambayo haipo tena.

Kubadili nyenzo ya vali nako kuna mtego. Wengi hukimbilia tangsteni kabaidi, ngumu mno, lakini ugumu huo una wepesi wa kupasuka. Chuma laini huumia zaidi punje ikija kwa mshazari. Kabaidi huumia zaidi ikigongwa uso kwa uso. Ramani ya kwanza basi haifai. Inabidi kanuni ya kugonga ibadilishwe, na punje ziachiliwe upya.

Wanaofanya kazi hii kwa uangalifu hufunga pia kihisi cha sauti kwenye bomba, baada tu ya kiwiko, kisikilize punje zinavyogonga ukuta. Kelele ile hugeuzwa kuwa kiasi cha mchanga, kiasi hicho kikaingizwa kwenye uigaji badala ya kubahatisha. Vali ikifunguliwa kwa ukaguzi, kina cha mfereji hupimwa na kulinganishwa na ramani, na namba za kanuni hurekebishwa kwa ajili ya kisima hicho kimoja.