Kitabu cha Kilwa na Wanaokisoma Nusu



Kijana mmoja mwenye dini na kazi yake amerudishiwa posa hapa mtaani. Jawabu aliyopewa ni hii: "Sisi ni Washirazi, imo kitabuni. Wewe asili yako haijulikani." Kitabu chenyewe ni As-Sulwa fi Akhbar Kilwa. Basi natukifungue.

Kiliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na nakala iliyoko London ilinakiliwa Unguja katika karne ya 19. Chasema kuwa mfalme na wanawe sita walitoka Shirazi kwa majahazi saba, katikati ya karne ya 3 Hijria. Hesabu mwenyewe: toka kuja kwao hata kuandikwa khabari yao, imepita zaidi ya miaka 600. Nani kapokea kwa nani? Hadithi ikitujia bila ya sanadi twaiuliza, lakini khabari za mababu twazimeza nzima nzima!

Khabari hiyo hiyo aliiandika Mreno João de Barros, ambaye hakufika Kilwa, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1552. Kwake yeye majahazi ni mawili, yametoka Hormuz, na aliyekuja ni Ali, mwana ambaye mamake alikuwa Mhabeshi na nduguze wa Kiajemi wakimdharau kwa sababu hiyo. (Wenye kurudisha posa na waisome hii mara mbili.)

Tazama na sarafu. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zenye jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari za dhahabu ambazo ya mwisho wake ni ya mwaka 1066. Hiyo ni karne ya 5 Hijria, si ya 3.

Sisemi kitabu ni uwongo. Uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya kale ya pwani yetu, uliotolewa mwaka 2023, umeonyesha asili ya Kiajemi kuumeni, na kukeni asili ya Kiafrika. Kitabu kimewataja baba, mama kimewapita.

Na waliposhuka Kilwa walimkuta nani? Kitabu hicho hicho chasema walimkuta Muislamu pamoja na jamaa zake, aitwaye Muriri wa Bari, na msikiti umekwisha jengwa.

Nalimwendea baba wa binti, nikamuuliza kama amefika hapo pa Muriri. Akanambia kitabu hajapata kukiona. Alisikia kwa ami yake.