Waganga wa Misioni na Mkunga Asiyetajwa

Katika masomo ya shule zetu na katika vitabu vya misioni, habari za waganga waliofundishwa ng'ambo husomwa sana, na kwa haki. Lakini twaona pungufu moja ndani yake, nalo si dogo: mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa haonekani, wala mkunga aliyemshika. Basi yafaa tuzipime habari hizi kwa mizani hiyo, hasa zile za njia ya zamani ya misafara, itokayo Bagamoyo, ikapita Tabora, hata Ujiji. Njia ile haikuwa ya wanaume tu. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walifuatana na wake zao, na mimba haingoji msafara ufike kambini.

Tuanze na sifa inayostahili. Dk. Ebenezer Southon, wa London Missionary Society, alifika Urambo mwaka 1879, akaitibu nchi ya Mtemi Mirambo. Mwaka 1882 alipigwa na risasi kwa ajali, akafa. Kazi yake ilidumu miaka 3. Mwingine ni Adrian Atiman, aliyezaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu. Aliibwa na wauza watumwa angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, kisha akasomeshwa uganga huko Malta, ambako Lavigerie alikuwa amefungua chuo mwaka 1881. Mwaka 1888 alishika safari ya kuja huku kwa njia ya Unguja, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alioa mke wa nchi ile, na mwana wao Joseph akapata upadre mwaka 1923. Habari za maisha yake alizozieleza mwenyewe zilichapwa mwaka 1946 katika Tanganyika Notes and Records. Alipokufa mwaka 1956 alikuwa ametimiza miaka 67 ya kazi mahali pale.

Shauri la Lavigerie lilikuwa hili: mganga wa Afrika awe Mwafrika, asome elimu yote ya Ulaya, lakini aishi, ale na avae kama watu anaowatibu. Ukilinganisha miaka 3 na miaka 67, hapana haja ya kulitetea zaidi. Hata hivyo shauri hilo lilikuwa nusu ya shauri. Waliopelekwa Malta walikuwa wavulana tupu. Hakuna msichana hata mmoja aliyefundishwa ukunga pamoja nao, ingawa nyumba ya mzazi katika nchi hizi ilikuwa nyumba ambayo mwanamume hakuingia, awe mganga au mtemi.

Mtu atasema: masista walikuja. Kweli, walikuja, wakawatibu wagonjwa na kuwalea yatima. Lakini sheria ya Kanisa na kanuni za mashirika ziliwazuia watawa wasishike kazi ya kuzalisha. Mlango huo ulifunguliwa tarehe 11 Februari 1936, Roma ilipotoa maagizo yaitwayo Constans ac sedula, yaliyowahimiza masista wa misioni wajifunze uganga na uuguzi kwa ajili ya akina mama na watoto wachanga, na wapate vyeti vyake. Hesabu basi: tangu Atiman kufika Karema hata mwaka ule ni miaka 47. Katika miaka hiyo yote mganga mwanamume alisimama nje ya mlango kwa sababu ya desturi ya nchi, na sista alisimama nje kwa sababu ya sheria yake. Aliyekuwa ndani ni mkunga wa kijijini.

Huyu ndiye asiyetajwa, au akitajwa hutajwa kwa kudharauliwa. Hapa lugha yenyewe yaweza kutufundisha. Katika Kiswahili neno mkunga husikiwa karibu na kunga, yaani siri na mafundisho ya ndani, na karibu na kungwi, afundishaye wari. Mwenye kulifasiri mkunga kuwa "mzalishaji" tu amelipunguza nusu. Kuzalisha ni kazi ya mikono. Ukunga ni mikono pamoja na maneno, na amana ya kuyaficha yaliyoonekana. Elimu ya ng'ambo ilileta sehemu ya kwanza. Ya pili haipatikani Malta wala London.

Tutazame tena majina ya Wanyamwezi na ya ndugu zao Wasukuma. Kulwa ni pacha wa kwanza, Doto wa pili. Shija ni mtoto afuataye mapacha. Kashinje ni yule aliyetanguliza miguu. Watu wasio na kitabu waliandika habari za uzazi katika majina ya watoto. Kila Kashinje aliyekua akawa mtu mzima ni shahidi kwamba mkono fulani uliikuta hatari, ukaipita. Lakini tuseme na la upande wa pili: majina hayatuhesabii waliokufa, mama na watoto, kwa kitovu kilichokatwa kwa chombo kichafu, au kwa uchungu uliokwama siku mbili na tatu. Hasara hiyo ilikuwa kubwa, na elimu ya kuizuia ilikuwa ya lazima.

Lakini lazima si sababu ya dharau. Uingereza yenyewe haikuwa na sheria ya kuwafundisha na kuwaandikisha wakunga mpaka mwaka 1902. Nayo sheria hiyo ilipotungwa haikuwafukuza mabibi wa zamani: wale waliokwisha kuifanya kazi kwa muda na wenye sifa njema waliandikwa pamoja na waliosoma. Basi mwandishi aliyetoka katika nchi hiyo, akamcheka mkunga wa Unyanyembe, alimcheka bibi yake mwenyewe.

Hukumu yetu ni hii. Habari za waganga wa misioni ni za kweli, wala hatutaki zipunguzwe, twataka ziongezwe. Wahenga husema mkono mmoja haulei mwana, na vitabu vyetu vimetuonyesha mkono mmoja. Mwalimu asomeshaye habari za Atiman awaulize wanafunzi wake: siku zile, nani aliwashika wanawake wa Karema, Ndala na Urambo walipojifungua? Kisha awatume kwa bibi zao wakaulize majina ya wakunga, maneno yao na miiko yao, wayaandike kabla hayajazikwa. Na msichana apelekwaye chuoni kusomea ukunga, hapa nchini au ng'ambo, aambiwe kwamba cheti kitamfikisha mlangoni. Kuingia ndani kwataka ruhusa ya wale waliokuwamo kabla yake.