Sikio Kwanza, Spana Baadaye

Gari likisumbua kuwaka, mwenyewe humjia fundi na neno moja tu: "Halishiki." Kwa fundi wa umeme wa magari pale Bondeni, mjini Nakuru, neno hilo halitoshi. Kuna gari ambalo injini yake inazunguka kwa taabu, ruu... ruu... ruu, na kuna gari ambalo injini inazunguka kwa kasi yake yote lakini moto haushiki. Kwa mwenye gari yote ni mamoja, maana yote yanamchelewesha sokoni. Kwa fundi ni magonjwa mawili tofauti kabisa. La kwanza ni la betri, nyaya au stata. La pili ni la mafuta, hewa au cheche. Anayefungua kabla ya kutofautisha ameshaanza kula pesa za mtu.

Ndiyo maana fundi anayejua kazi humwambia mteja awashe, naye asimame tu kando, boneti ingali imefungwa, akisikiliza.

Kisha huuliza saa. "Linasumbua asubuhi peke yake, ama hata likishapata moto?" Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Julai baridi hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Magari yanayoteremka na mboga kutoka Molo, kwenye mita zaidi ya 2,400, yamelala penye baridi kuliko hiyo. Baridi huligonga gari pande mbili kwa mpigo: oili inakuwa nzito, kwa hiyo injini inadai nguvu zaidi, na saa hiyo hiyo betri inapungukiwa na nguvu ya kutoa. Ubovu mdogo ambao mchana kutwa ulijificha hujitokeza alfajiri. Lakini gari linalowaka vizuri asubuhi kisha likakataa baada ya safari, injini ikiwa moto, humfanya fundi aanze kuishuku stata yenyewe: brashi zimeisha au bushi zimelika. Swali moja, bila hata sarafu kutumika, limepunguza nusu ya kazi.

Nimetazama kazi hii ikifanywa kwenye Probox ya kubeba sukuma wiki. Mwenyewe alikuwa na hakika kwamba betri imekufa na alikuwa tayari kununua nyingine. Fundi akatoa mita, akapima betri ikiwa imetulia: volti 12.5. Hapo wengi wangemaliza, waseme betri ni nzima au waseme mita inadanganya. Yeye akamwita kijana wake. "Piga stata, usiachilie mpaka nikwambie."

Injini ikajikokota. Macho ya fundi yalikuwa kwenye mita, si kwenye injini. Betri iliyochoka ikipewa mzigo wa stata huporomoka, na ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, hukumu imetoka. Hii haikushuka hata chini ya 11. Betri ina nguvu, injini inazunguka kama mgonjwa: basi nguvu hiyo inapotelea njiani. Akahamisha ncha za mita. Moja akaigusisha kwenye kichwa cha betri chenyewe, cha risasi, nyingine kwenye kibano cha waya kilichokikumbatia kichwa hicho. Vitu viwili vinavyogusana, hata ukucha haupiti katikati. "Piga tena." Mita ikasoma karibu volti nzima. Pahali hapo palipaswa kusoma sifuri, au karibu nayo.

Spana namba 10 ndipo ilipotoka mfukoni. Kibano kilipofunguliwa, ndani kilikuwa na ukoko mweusi usioonekana kwa nje. Akaukwangua kwa kisu, akapitisha msasa mpaka risasi ikang'aa, akafunga na kukaza. Kisha akaufuata waya wa hasi hadi ulipofungwa kwenye bodi, akapasafisha napo, maana umeme unaokwenda lazima urudi. "Mzee, washa sasa." Ikawaka kwa mguso mmoja.

Kwa ule ugonjwa wa pili ana mtihani mwingine wa bure. Kwenye gari la petroli lenye pampu ya umeme, anakuambia ufungue swichi bila kupiga stata, uhesabu hadi tatu, uzime, urudie, halafu ndipo upige. Gari likishika hapo hapo, amejua kwamba presha ya mafuta inavuja usiku, na pampu inahitaji muda wa kuijaza upya. Kwa dizeli anauliza kama unasubiri taa ya plagi za kupasha izime kabla ya kupiga stata.

Mteja wake wa kawaida si mwenye gari jipya. Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8, kwa hiyo magari mengi huanza maisha ya hapa yakiwa tayari na umri, na katika gari la umri kila kipuri kinaweza kushukiwa. Ni rahisi mno kubadilisha betri, kisha stata, kisha altaneta, hadi ubovu uondoke wenyewe kwa bahati.

Na hapa ndipo ufundi huu unapojiumiza. Aliyeuza stata ambayo haikuhitajika huondoka na faida, na mteja huona amehudumiwa kwa sababu amekabidhiwa kitu kipya. Aliyesafisha kibano huambiwa, "Kwani umefanya nini?" Fundi wa ile Probox amelitatua tatizo hilo kwa kutaja bei ya kuangalia kabla hajashika gari, kipuri kinunuliwe au kisinunuliwe. Mwenye sukuma wiki alinung'unika kidogo, akalipa. Alilipa sehemu ndogo ya bei ya betri aliyokuwa akienda kununua, na ile ya zamani bado inafanya kazi.